Mkanda wa Sinema ni Haki ya Mpiga Picha Pia

Mkanda wa filamu wenye futi 400, yaani mita 122, hupita ndani ya kamera ya sinema kwa dakika 4 na sekunde 26. Futi moja hubeba fremu 16, na kamera hupiga fremu 24 kila sekunde. Hesabu iliyobaki kila mtu anaiweza. Mwongozaji akisema turudie, mkanda mwingine hupakiwa. Sasa mkanda huohuo ukatwe vipande vya mita moja na nusu na ushei, uviringishwe ndani ya kaseti ndogo za kamera ya mkononi. Utapata kaseti 70 na zaidi za picha 36, na picha zaidi ya 2,500. Kwa mpiga picha anayefikiri kabla ya kubonyeza, hiyo ni kazi ya mwaka mzima au miwili.

Hesabu hiyo ndiyo inayowavuta wapiga picha wa kawaida kwenye filamu iliyotengenezwa kwa ajili ya sinema. Wanainunua kwa rola kubwa, wanaikata na kuipakia wenyewe. Wapo wanaokereka na jambo hili. Husema filamu ya sinema iuzwe kwa watengeneza sinema pekee, na wengine wote wanunue kaseti zilizofungwa kiwandani. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Filamu hii ni mali halali ya mpiga picha wa kawaida, kwa historia na kwa ufundi. Ila anayeipakia ana deni la ukweli, kwa fundi atakayeisafisha na kwa mtu atakayeinunua. Deni hilo limewahi kukosa kulipwa, na waliolipia ni wateja.

Tuanze na historia. Upana wa milimita 35 ulizaliwa katika sinema. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, William Kennedy Laurie Dickson, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Thomas Edison huko New Jersey, alichukua filamu ya Eastman yenye upana wa milimita 70, akaipasua katikati, kisha akaitoboa matundu manne kila upande kwa kila fremu ili meno ya mashine yapate pa kuikamata. Mwaka 1909 mkutano wa kimataifa wa watu wa sinema uliofanyika Paris ukaupitisha upana huo kuwa kipimo cha wote.

Wakati huo Oskar Barnack alikuwa hajatengeneza kamera yake. Barnack aliingia kampuni ya Ernst Leitz, watengenezaji wa hadubini mjini Wetzlar, Ujerumani, mwaka 1911. Alipenda kutembea milimani na kupiga picha, lakini alikuwa na pumu, na kamera za siku hizo, pamoja na mabamba yake ya vioo, zilikuwa mzigo mzito. Kufikia 1914 alikuwa amekwisha kuunda kamera ndogo ya chuma inayotumia mkanda wa sinema. Fremu ya sinema ilikuwa milimita 18 kwa 24, na katika mashine za sinema mkanda ulipita kutoka juu kwenda chini. Barnack akaulaza upite kutoka upande mmoja kwenda mwingine, akaziunganisha fremu mbili zikawa moja, akapata milimita 24 kwa 36. Vita vikachelewesha biashara, lakini mwaka 1925, kwenye maonyesho ya Leipzig, kamera ya Leica ikaonekana hadharani. Hizo milimita 24 kwa 36 ndizo zinazotajwa mpaka leo kila muuza kamera za kidijitali anapojigamba kwamba kamera yake ina "fremu kamili".

Kilichofuata hakisemwi sana. Kaseti ya kutupwa iliyojazwa kiwandani, ile yenye namba 135 tuliyoikuta sote madukani, ililetwa na Kodak mwaka 1934 pamoja na kamera yake ya Retina iliyotengenezwa Stuttgart. Kabla ya hapo, mwenye Leica alikuwa na kaseti za chuma za kudumu, akizijaza mwenyewe gizani kutoka kwenye rola ndefu. Kwa hiyo anayepakia filamu ya sinema leo anafanya kazi waliyoifanya watumiaji wa kwanza wa kamera hii. Anayemwita mvamizi amesahau nani alitangulia kufika shambani.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza, na inadai utulivu wa mikono. Kifaa ni boksi la plastiki nyeusi lenye vyumba viwili. Chumba kikubwa hupokea rola ya futi 100, yaani mita 30.5, na kile kidogo huingia kaseti tupu. Kati yao kuna njia ambayo filamu inapita lakini mwanga haupiti. Aina ya Lloyd ina mwanya uliozibwa kwa kitambaa laini pande zote. Aina ya Watson ina lango linalofunguka pale tu mfuniko wa chumba kidogo unapokuwa umefungwa, hivyo filamu hupita bila kuguswa. Mimi ningechagua Watson bila kusita. Kitambaa hukusanya vumbi, na chembe moja ya mchanga iliyonasa humo huchora mstari kwenye filamu kuanzia picha ya kwanza hadi ya mwisho. Mstari huo haufutiki kwa dawa yoyote.

Rola kubwa huingizwa katika giza totoro. Chumba chenye mwanya wa mwanga chini ya mlango hakifai, na taa nyekundu ya chumba cha kuchapia picha haifai pia, kwa sababu filamu hizi huona rangi zote, nyekundu ikiwemo. Mfuniko ukishafungwa, kazi iliyobaki hufanyika kwenye mwanga wa kawaida. Unavuta ncha ya filamu, unaibandika kwa tepu kwenye kijiti cha kaseti, unafunga, unazungusha mkono wa boksi huku ukihesabu, kisha unakata. Rola ya futi 100 hutoa kaseti 18 au 19 za picha 36.

Kuna bei ya kufanyia kazi hiyo mwangani. Ile ncha uliyoibandika imekwisha kuona mwanga, nayo ndiyo itakayokuwa mwisho wa kaseti. Picha mbili tatu za mwisho zitaungua. Ukifika ya 33, badilisha kaseti, usiisubirie picha muhimu. Asiyetaka hasara hiyo afanye kila kitu gizani. Jambo jingine ni mwendo wa mkono. Filamu ikiviringishwa kwa kasi katika hewa kavu hutengeneza umeme tuli, cheche hutokea ndani ya kaseti, na negativi ikisafishwa inaonyesha michirizi myeusi yenye matawi ambayo hakuna aliyeipiga. Zungusha polepole.

Filamu nyingi za sinema haziji kwa futi 100. Zinakuja kwa futi 400 au 1,000, zimezungushwa kwenye kitovu cha plastiki, na lazima zigawanywe kabla ya kuingia kwenye boksi. Kugawa mita 122 gizani, kwa kupapasa, bila kuacha alama ya kidole kwenye upande wa dawa, ndiko kunakowakatisha wengi tamaa. Kwa mgeni wa kazi hii shauri langu ni moja: anza na rola ya futi 100, hata kama kwa mita inauzwa ghali zaidi. Na hakikisha uliyonunua ni filamu ya kamera, siyo ile ya kuonyeshea kwenye majumba ya sinema. Ile ya kuonyeshea hutengenezwa kwa poliesta, nayo haichaniki. Ikikwama ndani ya kamera, kitakachovunjika ni meno ya kamera.

Upo pia mlango wa nyuma wa soko hili, nao ni mabaki. Kamera ya sinema ikibakiwa na futi 90 na tukio linalofuata linahitaji dakika mbili, msaidizi hukata kilichobaki, hukirudisha kwenye mkebe na kuuandika. Mabaki hayo huuzwa kwa bei ya chini. Wanafunzi wa vyuo vya sinema vya Marekani wamepigia filamu zao za kwanza kwenye mabaki ya namna hiyo, na wapiga picha wa kawaida wamekula meza moja nao.

Filamu ninayoipendekeza bila kigugumizi ni Eastman Double-X, namba 5222. Kodak iliitoa mwaka 1959. Ni ya nyeusi na nyeupe, ISO 250 kwenye mwanga wa jua na 200 kwenye taa za balbu, na imeendelea kutengenezwa kwa zaidi ya miaka 60 huku filamu nyingine zikibadilishwa au kufutwa. Martin Scorsese aliitumia katika Raging Bull mwaka 1980. Robert Eggers aliitumia katika The Lighthouse mwaka 2019. Christopher Nolan alipoihitaji kwa upana wa milimita 65 kwa ajili ya Oppenheimer ya mwaka 2023, Kodak ilibidi iitengeneze kwa upana huo kwa mara ya kwanza. Ina chembechembe zinazoonekana, weusi wenye kina, na ngozi ya binadamu hutoka ndani yake ikiwa na uhai ambao filamu laini za kisasa huufuta. Haina tabaka la kaboni nitakalolieleza hivi punde. Inasafishwa nyumbani kwa dawa za kawaida kama D-76, zilezile zinazosafisha filamu nyingine za nyeusi na nyeupe. Kwa hiyo asiyetaka matatizo anayo njia iliyonyooka.

Matatizo yako kwenye rangi.

Filamu za rangi za sinema za Kodak, zinazoitwa Vision3, kwa miaka mingi zimekuwa na tabaka jeusi la kaboni mgongoni, linalojulikana kama remjeti. Lina kazi tatu. Linazuia mwanga mkali usipenye filamu, ukagonga sahani ya nyuma ya kamera na kurudi kuitia picha doa. Linapunguza umeme tuli. Na linailinda filamu isikwaruzwe inapokimbia kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde. Katika maabara za sinema, hatua ya kwanza ni kulilainisha tabaka hilo kwa maji yenye alkali na kulisugua litoke, ndipo filamu iingie kwenye dawa za ECN-2, kwa nyuzi 41.1. Maabara ya mtaani hutumia mfumo mwingine, C-41, wenye dawa tofauti ya rangi na nyuzi 37.8, na mashine yake haina hatua ya kuondoa kaboni. Kaseti ya Vision3 ikiingia humo, ile kaboni inamomonyoka, inaenea ndani ya matangi na kushika kwenye rola za mashine. Anayeumia ni mteja anayefuata, ambaye labda ameleta picha za harusi ya dada yake na hajui lolote kuhusu sinema.

Kwenye rangi ndipo ukweli unapohitajika zaidi, na historia ya Seattle inatufundisha kwa nini. Katika miaka ya 1970 na 1980 kampuni ya Marekani iitwayo Seattle FilmWorks iliuza kwa njia ya posta kaseti zilizojazwa filamu ya sinema ya Eastman, ikiwemo ile ya namba 5247. Bei ilikuwa ndogo mno. Mteja alipewa kitu ambacho filamu ya kawaida haikutoa: kutoka kaseti moja alirudishiwa picha za karatasi na slaidi za kuonyesha ukutani. Lakini kaseti hiyo haikusafishika kwenye maabara ya mtaani. Ilibidi irudi Seattle, kwa muuzaji yuleyule. Familia nyingi za Marekani ziliingia kwenye uhusiano huo kwa kuvutiwa na tangazo, bila kuelewa filamu waliyoiweka ndani ya kamera ilikuwa ya aina gani.

Sina ugomvi na kuuza filamu ya sinema kwa watu wa kawaida. Ugomvi wangu ni kumfanya mteja asiweze kuondoka kwa sababu hajui alichonunua. Kaseti za enzi hizo bado zinaokotwa kwenye droo za wazee waliofariki, hazijasafishwa, na warithi huhangaika kutafuta wa kuzisafisha. Neno moja lililoandikwa wazi kwenye kaseti lingewapunguzia taabu.

Miaka ya karibuni njia nyingine ilipatikana. Mwaka 2012 kampuni ya CineStill ya Los Angeles ilianza kuuza filamu ya sinema ambayo remjeti imekwisha kuondolewa kabla ya kupakiwa, ili iweze kuingia C-41 bila kumdhuru mtu. Filamu yake maarufu, 800T, inatokana na Vision3 500T. Kwa kuwa tabaka la kuzuia mwanga halipo tena, taa za barabarani na mabango ya umeme huzungukwa na duara jekundu. Vijana wamelipenda duara hilo hata wengine wanadhani ndiyo sura ya sinema. Siyo. Sinema iliyopigwa kwa filamu hiyohiyo ikiwa na remjeti yake haina duara hilo. Ni kovu la tabaka lililoondolewa. Anayelipenda alipende, ni haki yake, lakini ajue asili yake.

Mwaka 2025 Kodak yenyewe ilianza kubadilisha Vision3, ikiondoa remjeti na kuweka chini ya dawa tabaka jingine la kuzuia mwanga ambalo halihitaji kusuguliwa. Sababu ni maabara za sinema, ambazo zimepunguziwa hatua nzima ya kazi. Lakini tazama matokeo yake kwetu: kizuizi kikubwa kabisa cha kiufundi kati ya filamu ya sinema na mpiga picha wa kawaida kimeanza kuondoka. Tofauti ya dawa inabaki. Vision3 iliyosafishwa kwa C-41 hutoa picha, ila rangi zake na ukali wake si vile ilivyokusudiwa. Aliyeikusudia ECN-2 aipeleke ECN-2. Hoja ya kwamba inaharibu mashine, iliyokuwa hoja nzito na ya haki, haitasimama tena kwa filamu mpya.

Inabaki hoja ya biashara, na hapa ndipo ninaposhangazwa zaidi na wanaotaka mlango ufungwe. Kodak iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Januari 2012. Mwaka 2013 Fujifilm iliacha kutengeneza filamu za kupigia sinema. Mauzo ya filamu ya sinema ya Kodak, yaliyokuwa futi bilioni 12.4 mwaka 2006, yalitarajiwa kushuka hadi futi milioni 449 mwaka 2014. Ni anguko la asilimia 96. Kilichookoa kiwanda cha Rochester ni waongozaji kama Nolan, Quentin Tarantino na J.J. Abrams kuzishawishi kampuni kubwa za Hollywood ziingie mkataba wa kununua kiasi fulani cha filamu kila mwaka, watake wasitake kuitumia.

Nolan na wenzake wanastahili heshima kwa hilo. Lakini kiwanda kinachotegemea mapenzi ya waongozaji wachache kimesimama kwa mguu mmoja. Siku wakistaafu, nani atanunua? Mpiga picha anayenunua futi 400 kwa mwaka ni mdogo, ila wapiga picha ni wengi, wako kila bara, na hawasubiri bajeti ya studio. Mashine inayopaka dawa kwenye filamu ya sinema iko kiwanda kimoja na ile ya filamu ya picha za kawaida. Futi inayonunuliwa na mwanafunzi wa upigaji picha hulipia umeme uleule wa Rochester unaolipiwa na futi ya Oppenheimer. Kumfukuza mnunuzi huyo ni kujikata mkono.

Nihamie kwa wenzangu wa Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar, maana wapo vijana wanaorudi kwenye kamera za baba zao. Adui wenu wa kwanza ni joto. Kodak inashauri filamu ya sinema ambayo haijapigwa ihifadhiwe kwenye nyuzi 13 au chini yake. Rola kubwa ikiachwa kwenye kabati la pwani itapoteza rangi na kupata ukungu wa kemikali kabla hujaimaliza, kwa hiyo gharama ya friji ni sehemu ya bei ya filamu. Mkebe ukitoka kwenye friji usifunguliwe mpaka upate joto la chumba, la sivyo unyevu wa hewa ya pwani utatua juu ya filamu yenyewe. Rangi ya ECN-2 itawapa shida ya dawa. Nyeusi na nyeupe haitawapa shida hiyo. Magadi yanayohitajika katika dawa nyingi za kusafishia, sodiamu kaboneti, yanatengenezwa Kenya, kwenye Ziwa Magadi, tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Msinunue tu yale ya mawe ya sokoni kwa kazi hii. Yamechanganyika na baikaboneti na nguvu yake haitabiriki.

Na mnapojaza kaseti, mara nyingi mtatumia zile kuukuu za kiwandani, mkibandika filamu mpya kwenye kile kimkia kilichobaki nje. Ni njia nzuri, haina gharama. Kumbukeni tu kwamba kaseti hiyo bado ina vile vijiraba vya fedha na nyeusi ambavyo kamera husoma kujua ISO. Kaseti itasema 400 na ndani mna Double-X ya 250. Kamera itaamini kaseti, na fundi wa maabara ataamini maandishi yaliyochapwa juu yake. Zibeni vijiraba kwa tepu nyeusi. Futeni jina la zamani. Kisha andikeni kwa wino usiofutika, juu ya kila kaseti, namba ya filamu iliyomo, ISO yake, dawa inayoisafisha, na kama ina remjeti au haina. Fanyeni hivyo hata kwa kaseti mnayokusudia kuisafisha wenyewe, kwa kuwa hamjui ni nani ataikuta kwenye droo.